Radi ya Kituo cha Majani

Watiri wa Kihara, mkulima wa chai kule Wamagana, hakuwa mtu wa kuonewa akanyamaza. Mumewe alipofariki mwaka wa sitini na tisa, mashemeji walimtaka awaachie shamba. Akakataa, akafunga kikapu mgongoni, akachuma mwenyewe. Jioni alienda ngumbaru, shule ya watu wazima, na huko ndiko mwalimu Ngatia alikomfundisha kusoma, na habari ya radi pia.

Siku moja ya Aprili, mwaka wa sabini na tatu, wanawake kumi na wawili walikuwa kituoni na majani yao wakingoja kupimiwa. Mvua ikaanza, na ngurumo juu yake. Peterson, karani, akawafukuza kutoka banda la mawe.

"Banda ni ya majani, si ya watu. Maji yenu itaharibu chai."

Basi mama za watu wakaenda kujibanza chini ya mkaratusi, mti mrefu kuliko yote pale, huku chai ikikaa pakavu. Huo ni utu gani?

Watiri hakwenda. "Karani, barafu inagongana huko ndani ya wingu, umeme unajikusanya," alisema. "Ukizidi, unashuka hatua kwa hatua, matawi matawi, unatafuta njia. Na huku chini kitu mrefu inatuma umeme yake juu. Zikikutana, njia imefunguka, moto wote unapita hapo. Sasa hapa kitu mrefu ni gani?"

"Ati mwalimu," Peterson akacheka. "Ukiingiza mtu hapa, majani yako sipimi."

Maneno hayo yalimchoma, maana alikuwa amechuma tangu alfajiri. Lakini alikiacha kikapu, akavuka tope, akamshika jirani yake Waithira mkono.

"Twende ndani, sisi wote. Akitaka kupiga, apige mimi."

Wakaingia wakimsukuma karani kando. Hata hawajajipangusa nyuso, mkaratusi ukapasuka toka juu hadi mizizini, vipande vya gome vikaangukia pale walipokuwa wamesimama. Waithira akakaa chini akalia.

Mvua ilipopungua, Peterson aliutazama ule mti kidogo, kisha akafungua kitabu chake. Akasema majani ya Watiri hayapimwi, kwa sababu amevunja sheria ya kituo.

Watiri akamsogelea. "Peterson, na kama tungekufa pale, majani yetu ungepima?"

"Ningepima," karani akajibu bila kuinua macho. "Ilikuwa kavu."