Sarafu ya Kusimamisha Basi

Juzi, katika basi la Columbia Heights, Washington, mama mmoja Mtanzania aliyekuwa akisema simuni kwa Kiswahili kwamba anawahi usaili wa kazi alikiona kituo chake. Akatoa sarafu, akagonga dari, akapaza sauti: "Kiri! Kiri!" Abiria wakageuka. Dereva hakupunguza mwendo, kituo kikapita.

"Mwanangu, hapa tunavuta kamba," nilimwambia kwa Kiswahili, nikaivuta.

"Kumbe! Shikamoo, mzee. Jakarta nilikaa miaka sita na mume wangu aliyefanya kazi ubalozini, na basi tulilisimamisha hivi: sarafu darini na 'kiri', yaani 'kushoto'. Mimi nimehamia huku, mkono bado uko kule."

Kituo kilichofuata akashuka, akavua viatu vya visigino virefu, akarudi mbio. Basi lilikuwa limekwama kwenye taa nyekundu, na dirishani nilimwona akiingia jengo la usaili. Miguu, angalau, imekwisha kuhamia Washington.