Bingwa wa Kila Chenye Magurudumu

Dereva wetu hachagui gari. Asubuhi utamkuta kwenye mbio za magari madogo, mchana kwenye rali, jioni kwenye mashindano ya malori, na kila akishuka huupangusa usukani kwa kiganja kama anayemuaga mtoto wa watu. Mimi fundi wake nimechoka. Jumapili ile, mvua ya Uingereza ikitujazia chai vikombeni, tulihitaji ushindi mmoja tu tutwae ubingwa wa msimu. Nikamkuta garini kafumba macho, mkono ukijikumbusha gia. Bosi wetu Dilys akachungulia.

"Hizo gia za lori, we baba! Hapo kwenye gari letu ni rivasi!"

"Najua, mama, tulia," akajibu kwa sauti ya kubembeleza ng'ombe.

Taa za kuanzishia mbio zikazimika. Wenzake wakaenda mbele, sisi tukarudi nyuma. Kisha, kutoka mkiani, akawapita mmoja mmoja kama anayepokea salamu msibani, akamaliza wa pili, nyuma ya mshindi kwa urefu wa pua. Ubingwa kwaheri. Dilys akamngoja na spana mkononi. Yeye akashuka, akaupangusa usukani, akatazama ng'ambo ya uwanja.

"Gari tamu hili. Ile mashine ya kukatia nyasi ni ya nani?"