Vidonge vya Mwezi wa Mfungo

Binti yangu wa mwisho amezaa mara tatu, zote kwa kupasuliwa, na daktari alimwambia wazi kwamba mimba nyingine inaweza kumuua. Akaanza vidonge vya uzazi wa mpango. Alikuwa anameza kila asubuhi na chai, hapa kwetu Kaloleni, mimi namwona kwa macho yangu. Wajukuu ninao, tena wazuri. Sihitaji mwingine wa kuja kumzika mama yake.

Idi ilipopita akaanza kutapika. Tukaenda kliniki, nesi akampima. Mimba ipo.

"Dada, si ulikuwa unameza?"

"Nilikuwa nameza. Ila Ramadhani nilifunga."

"Ungehamishia usiku. Ukishafuturu, unameza."

"Nikishafuturu nina nyumba nzima ya kupakulia. Siku nyingine nakumbuka, siku nyingine usingizi umeshanibeba."

Nesi akanigeukia. "Bibi, vidonge hivi vinataka kila siku, saa ile ile. Ukirukaruka, mwili unarudia kazi yake."

Nilidhani nitalia, au nitamtukana mtu. Sikusikia kitu, kama mguu uliokufa ganzi. Nesi akamwambia binti yangu awahi kliniki kila anapoitwa, asibebe vizito, asithubutu kuzalia nyumbani.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika uani akashika ndoo ya maji kama kawaida yake. Nikamnyang'anya.

"Mama, umenikasirikia?"

"Sijui. Kaa chini."

Ndoo nikaiingiza ndani mwenyewe.