Busati la Kiwanja cha Darsait

Mtanicheka nikisema enzi zetu, maana nna miaka kumi na saba tu. Lakini nyinyi mliokua mtaani Darsait nami mnajua: kile kiwanja cha kriketi kilikuwepo, na sasa ni maegesho ya magari.

Hakikuwa na nyasi hata moja. Ilikuwa changarawe na vumbi jeupe lililoingia mpaka kwenye meno. Katikati tulitandika busati refu la usumba wa nazi ili mpira udunde vizuri, na Ami Salum, kaka yake baba, alilimwagia maji kwanza likaze. Timu za wilaya zilikuja kila Ijumaa asubuhi. Wakubwa wakimaliza, jioni zamu yetu watoto, mpira wa tenisi umezungushiwa utepe wa umeme. Bibi alituletea urojo ndani ya chupa ya chai, tukaunywa kwa zamu kwenye kifuniko. Siku hizi mdogo wangu anacheza kriketi kwenye simu, kalala chali, halafu analalamika kachoka!

Sharti la Ami lilikuwa moja. "Busati bichi halikunjwi. Litundikeni ukutani mpaka likauke, mnanisikia?"

Ijumaa moja zamu ya kulitia busati stoo ilikuwa yangu na Khamis, mtoto wa jirani yetu. Mvua ilikuwa imenyesha. Mama hakutaka nikutwe nje adhana ya Magharibi ikilia, na jua lilikuwa linazama. Khamis akasema, "Bado bichi hili, wewe." Nikamwambia limeshakauka, shika upande huo. Akashika. Tukalikunja, tukalitia stoo.

Wiki ya pili Ami alipolifungua, harufu ilitutoa nje. Katikati lilikuwa limeoza, ukilivuta linakatika kama mkate. Siku hiyo ilikuwa na mechi kubwa, na wageni walikuwa wameshafika. Wakarudi kwao, na hawakuja tena. Miezi michache baadaye kiwanja kikazungushiwa seng'enge, kikageuzwa maegesho.

Ami aliuliza nani. Mimi nilitazama viatu vyangu. Khamis akasema, "Tulikunja sisi," na Ami akasikia Khamis tu. Watoto wakamwita Khamis Mvundo. "Mvundo kaja, zibeni pua!" Akaacha kuja kucheza. Mimi niliendelea, nikanywa na urojo.

Jana Ami katuma sauti kwenye kundi letu la simu, anatukusanyia historia ya kiwanja. Kasema, akicheka, "Kiwanja kilikufa siku Khamis alipoliozesha busati." Watu wakacheka chini yake. Khamis yumo kwenye kundi.

Tangu hapo nimerekodi sauti yangu na kuifuta mara sita. Mimi hata mwalimu akiniita jina natetemeka, leo niseme mbele ya ukoo na majirani? Na nikinyamaza, Ami ataiandika hivyo hivyo, na hivyo ndivyo itakavyobaki.

Baada ya Alasiri nimeituma. Nimesema, "Ami, shikamoo. Khamis alinambia busati bichi. Mimi ndiye niliyesema limekauka. Msamehe yeye, mimi nikaripie."

Nikaiweka simu chini ya mto, nikaitoa, nikairudisha. Ami akajibu neno moja: "Subhanallah." Halafu sauti ya Khamis ikaja, kwangu peke yangu, nzito siku hizi kama ya mtu mzima.

"Wallahi nlikuwa nshasahau kama nlikwambia. Miaka yote nnajua ni mimi."

Nimeisikiliza mara nne. Zamani tukigombana, ilikuwa unakwenda kusimama chini ya dirisha la mwenzio, unaita mpaka atoke, na akishatoka mnacheza. Sasa niko kitandani, yeye yuko nyumba ya tatu, na sijui hata kama bado anapenda kriketi.