Kahawa Iliyokataa Kushika Tunda

Mpaka leo mtu akiniambia soko huria, namtazama usoni nione kama ananitania. Huria ya nani? Sisi wa vijiji vya Bariadi tuliona ushirika ukifunga ghala lake, kisha yakaja malori ya wanunuzi, kila lori na mizani yake na uongo wake. Bwana shamba wetu alipunguzwa kazini, akafunga godoro lake akaenda zake. Mbegu ya pamba ikawa ya kubahatisha, dawa ya kupulizia ikawa kama maji matupu. Baba alichoka mapema. Akasema anahamisha ng'ombe kwenda Usangu, walikokwenda wenzake, na sisi tumfuate.

Mama akakataa. Alikuwa amemzika mdogo wangu nyuma ya nyumba, na hakuwa mtu wa kumwacha mtoto peke yake. Baba akampa nafasi moja: kipande chake cha shamba kikitoa kitu cha kutulisha, tunabaki wote. Kisipotoa, yeye anaondoka, atakayetaka kubaki abaki.

Hapo ndipo kahawa ilipoingia. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa utingo wa lori la kwenda Msumbiji, na huko aliwakuta watu wakikaanga kahawa ya porini, punje ndogondogo, inayoota kwenye mchanga bila kupandwa na mtu. Alimletea mama mbegu ndani ya kitambaa kibichi.

"Dada, hii haiogopi jua," alimwambia. "Mvua ya huku inaitosha kabisa."

Mama akaacha pamba. Wee, kijiji kilicheka! Msukuma na kahawa, zao la Wahaya, wapi na wapi? Akipita kwenda lamboni wanawake walimwamkia, "Mwangaluka, Mhaya!" naye akaitikia vizuri tu, ndoo kichwani.

Kiangazi cha kwanza miche ilikuwa kitaluni, tukaimwagilia mpaka utosi ukaniuma kwa kubeba maji. Mvua zilipokuja tukaihamishia shambani, ikanifika kiunoni. Baba alianza kupita pale jioni akijifanya anatafuta ndama. Msimu huo Usangu hakuitaja, na mimi nikaanza kulala vizuri.

Kiangazi cha pili hatukumwagilia, maana mjomba alisema haihitaji. Majani yakageuka manjano, yakapukutika yote, vikabaki vijiti. Sasa sisi ni watu wa pamba. Kwetu mmea uliokauka shambani hauachwi: unang'olewa na kuchomwa, la sivyo wadudu wanavuka kwa jirani. Zamani bwana shamba alipita kukagua, na ole wako akute masalia. Majirani wakaanza kuja kusimama mpakani.

"Mayu, utatuletea ugonjwa," wakamwambia mama.

Mjomba alikuwa safarini, bwana shamba hayupo. Tungemuuliza nani, malori? Mama alisubiri, akasubiri, kisha asubuhi moja akachukua jembe. Hakutaka pamba ya watu iharibike kwa ajili yake. Aling'oa mche mmoja mmoja, mimi nikikusanya. Moto haukutaka kushika. Vijiti vilitoa povu kwenye ncha, vikafuka moshi mzito, na mama akasema mti huu ni mkaidi hata ukifa.

Baba hakugomba. Afadhali angegomba! Aliondoka na ng'ombe wiki ileile, na mama hakumsindikiza.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilikwenda kukata kuni kwenye ua wa minyaa pembeni mwa shamba. Nikakuta mche mmoja uliojificha humo, tulioupita bila kuuona. Ulikuwa na maua meupe tele, na majani mapya yakichungulia. Nikapiga kelele. Mama alikuja mbio, akayashika yale maua, kisha akaketi papo hapo kwenye tope.

"Haikuwa imekufa," alisema. "Gete, kweli kabisa, ilikuwa inangoja mvua tu."

Siku ya msiba wa mdogo wangu hakulia namna ile.

Tukautunza ule mmoja. Tukamtumia baba salamu kupitia wachungaji, naye akajibu kwamba tukivuna atarudi. Mche ukachanua mwaka baada ya mwaka, harufu yake inafika barabarani, na haukushika hata tunda moja. Baba akaoa hukohuko Usangu. Niliuchukia ule mche kuliko nilivyomchukia yeye.

Mjomba alipokuja kututembelea, lori lake lilikuwa limeshauzwa na safari za Msumbiji zimekwisha. Aliuzunguka mche, akakuna kichwa. Sasa ndipo anakumbuka, alisema: wenyeji wa kule walimwambia kahawa hii haizai ikiwa moja, mpaka ipate chavua ya mche mwingine.

"Inataka wenzake tu, dada."

Mama alikuwa anachambua choroko. Hakuinua uso.

"Wenzake niliwachoma mimi," alisema.