Stempu na Barua Iliyogoma Kuhama

Stempu, Mungu amrehemu, alichambua barua kwa miaka ishirini na sita. Jina hilo alipewa na wenzake wa posta, kwa kuwa akishaketi kazini habanduki, nalo likamganda mpaka mkewe naye akalizoea. Alisoma mwandiko wowote, hata wa daktari, na bahasha aliitia kwenye tundu lake bila kuinua macho. Kisha watu wakaacha kuandikiana. Chumba cha kuchambulia kikafungwa, makabati ya matundu yakabebwa, na Stempu akarudi nyumbani na kikombe chake cha chai mkononi.

Miezi saba alilala akiutazama ukuta. Mkewe hakumgombeza. Alimpikia, akamwombea, akamwacha. Asubuhi moja mzee akanyoa ndevu na kusema anakwenda chuo cha ufundi, kwenye darasa la kutengeneza kurasa za mtandao.

"Wewe?" mkewe akauliza.

"Barua zimehamia huko, mama watoto. Nazifuata."

Mwalimu alikuwa binti wa umri wa kitindamimba wao. Kila siku mlangoni alimwamkia, "Shikamoo, baba," naye akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Tukishaingia ndani, mtoto ni mimi."

Kazi ya mwisho wa muhula ilikuwa kujenga programu ya barua pepe, yote ndani ya ukurasa mmoja. Barua zilizoingia, zilizotumwa, mahali pa kuandikia mpya, na kabati la kutunzia zilizokwisha kusomwa. Ukibonyeza, huhamii ukurasa mwingine; sehemu hii inajificha, ile inajitokeza, kama karani wa dirisha moja anayefunga droo na kufungua nyingine. Asiyefaulu kazi hiyo haendelei na hatua ya pili.

Ili kuijaribu, Stempu alifungua anwani mbili, yake na ya mkewe. Barua zenyewe hazikutoka nje ya kompyuta ile kuukuu iliyokaa mezani.

"'Jaribio la tisa. Chai ipo?'" mkewe akasoma. "Stempu, tumekaa meza moja. Si uniulize kwa mdomo?"

"Nikiuliza kwa mdomo, mwalimu hanipi alama."

Siku ya kuonyesha kazi ikafika. Mwalimu akafungua barua, akabonyeza *Weka kabatini*. Ukurasa ukarudi kwenye zilizoingia, na barua ile ile ikawa bado imekaa juu kabisa.

"Barua ya mzee imegoma kuhama," akasema mmoja kule nyuma. "Ina hati ya nyumba hiyo."

Darasa likacheka. Stempu naye akacheka. Mwalimu akaufungua ukurasa upya. Barua ikawa haipo.

"Inakwenda kabatini, baba. Ila ukurasa wako unatuonyesha orodha ya kabla haijaenda. Sababu itafute mwenyewe. Ijumaa ndiyo siku ya mwisho, na baada ya hapo sipokei kazi tena."

Jumatano mkewe aliingia chumbani akamkuta amelala na viatu, uso kwenye ukuta. Mama huyo aliufahamu ukuta ule. Akaurudisha mlango taratibu, akaenda kupiga magoti jikoni.

Alhamisi Stempu aliamka, akaketi mbele ya kompyuta, amenuna.

"Mama, hebu niondolee nguo hizo kwenye kiti." Hapo hapo akageuza shingo. "Mbona bado zipo?"

"Umesema sasa hivi, hata sijainuka. Si usubiri nikwambie tayari, ndipo utazame?"

Stempu akazitazama nguo, akaitazama kompyuta, akazirudia nguo.

"Gunia," akasema hatimaye.

"Gunia gani tena?"

"La barua. Ukimkabidhi dereva gunia, huondoki mpaka atie sahihi. Miaka yote ile nimesubiri sahihi. Huku namwambia seva, yule mtunza barua wa ndani ya kompyuta, weka kabatini, na kabla hajanijibu namuomba orodha. Atanipa ipi kama si ya zamani?"

Mkewe hakuelewa habari za seva, lakini sauti aliitambua. Ilikuwa ile ya mtu anayetoka kazini ana la kusimulia.

Mstari wa programu wa kuomba orodha ulikuwa mmoja tu. Stempu akauondoa ulipokuwa, akauingiza ndani, pale ambapo haufikiwi mpaka seva ijibu. Akabonyeza. Barua ikaenda. Akamwita mkewe naye abonyeze kwa mkono wake. Ya pili ikaenda, na ya tatu. Nguo zilibaki kwenye kiti mpaka jioni.

Ijumaa mwalimu alibonyeza haraka haraka, makusudi, akitafuta kosa. Hakulipata.

"Umefanyaje, baba?"

"Nimesubiri sahihi, mwalimu."

Akamweleza habari ya gunia. Siku ya mazishi ya Stempu binti yule alituambia sisi waombolezaji kwamba mpaka leo hivyo ndivyo anavyolifundisha somo hilo.

Hatua ya pili Stempu aliimaliza. Akatunza ukurasa wa shule ya jirani kwa miaka miwili, na hakulala tena akiutazama ukuta, mpaka asubuhi ile Mungu alipomwita.

Majuma machache baadaye mkewe aliwasha kompyuta. Kwenye barua zake zilizoingia kulikuwa na moja ambayo hakuwahi kuifungua: "Jaribio la arobaini na moja. Chai ipo?"

Stempu alipokuwa hai, mkewe hakuwahi kumjibu kwa maandishi. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: "Ipo." Akatuma. Kisha akabonyeza *Weka kabatini*, akasubiri. Barua ikaondoka, isirudi. Akafungua kabati kuhakikisha. Ilikuwemo.

Akamshukuru Mungu, akainuka kuondoa nguo za mumewe kwenye kiti.