Mteremko Niliousafisha

Nililelewa Bondeni, mtaa wa mjini Nakuru, katika nyumba za kanjo, yaani za baraza la mji, zilizobanana, ambako nyasi zikiota mlangoni pako majirani wanaanza kusema. Nilipoolewa Kabazi, mashambani, nilikwenda na macho hayo hayo.

Chini ya boma la mama mkwe kulikuwa na mteremko usiolimwa. Mume wangu alinieleza kwamba zamani ulipandwa mahindi kila mwaka hadi mvua ikabeba udongo wote, ukabaki mchanga mwekundu na korongo katikati. Mama aliuzungushia seng'enge ng'ombe wasiingie, akauacha. Nilipofika mimi ulikuwa umejaa ndulele zenye miiba na vichaka vya leleshwa, majani ya kijivu yakinifika juu ya kichwa. Jirani mmoja alizoea kuuliza kutoka njiani, "Mathe, hii msitu ya nyoka mtaiacha mpaka lini?" Mama alicheka tu. Mimi niliona aibu.

Kisha mama akaanguka akavunjika nyonga, akapelekwa Nakuru kufanyiwa upasuaji. Baadaye akakaa mjini kwa binti yake mpaka apate nguvu. Nikaamua kumwandalia zawadi. Nikanoa panga, nikashika na jembe.

Siku ya pili, chini ya leleshwa, nilikuta mche unaofika gotini, umefungwa kitambaa cha leso nyekundu. Hatua chache mbele, mwingine, halafu mingine mitano. Leso ile niliijua. Mama alikuwa akiivaa jikoni. Nilisimama. Nilielewa kwamba mtu ameifunga miche ile kwa makusudi. Lakini nilikuwa nimeshafyeka zaidi ya nusu, mikono imetoka malengelenge, na nilikuwa nimeshauona moyoni uso wa mama akifurahi. Nikaing'oa na mizizi yake, yote saba. Nikarundika, nikachoma.

Mama aliporudi aliniomba nimshike mkono mpaka kwenye seng'enge. Alitazama ule mteremko mtupu.

"Nani alifanya hii kazi?"

"Ni mimi, mama. Nilitaka ukuje upate pasafi."

"Asante," akasema. Halafu, "Uliona miti yenye nilifunga vitambaa?"

"Hapana, mama."

Hakukasirika. Alinieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Mahali pale palipoachwa, nyasi ndizo zilitangulia. Zikafuatwa na ndulele, na baada ya miaka, leleshwa. Ndege wakaanza kutua kwenye leleshwa na kudondosha mbegu za mutamaiyo, mzeituni wa porini, ambao alipoolewa yeye ulikuwa umejaa pale. Juani ulikuwa haushiki, ulitaka kivuli. Ile saba ndiyo ya kwanza aliyoiona tangu mume wangu akiwa shule ya msingi.

"Pole, mama."

"Si makosa yako. Hukujua."

Neno hilo lilinikaa rohoni.

Mvua za Aprili zilipofika, maji mekundu yaliteremka kutwa nzima na korongo likameza kipande kingine cha ardhi. Mama aliangalia akiwa mlangoni, fimbo mkononi. Siku chache baadaye tulikuwa jikoni kwangu tukiambua maharagwe, nikashindwa kuvumilia.

"Mama, vile vitambaa niliviona."

Aliendelea kuambua. "Vyote?"

"Vyote."

"Na ukang'oa."

"Nikang'oa."

Aliinuka polepole akaenda nyumbani kwake. Wiki nzima alijipikia chai mwenyewe. Jumapili, baada ya kanisa, aliniita. "Seng'enge imelegea huko chini. Ng'ombe zitaingia." Nikachukua nyundo na misumari. Hajawahi kulizungumzia tena.

Huu ni mwaka wa nne. Leleshwa zilichipua kwenye visiki na sasa zinanifika begani. Nilinunua miche mitano ya mutamaiyo kwa wauza miche wa Subukia nikaipanda chini yake. Mitatu ikakauka, miwili ipo lakini haijarefuka hata kidogo. Kila wiki nainama chini ya matawi, natafuta mche wowote ulioota wenyewe. Mwanzoni nikirudi kutoka huko mama alikuwa akiniuliza, "Kuna kitu?" Siku hizi haulizi. Namwambia tu mimi mwenyewe, nikimwekea chai mezani, "Bado, mama." Anaitikia kwa kichwa, anavuta kikombe.